UZI: Elfrieda Dyck, aliyefika Kanada kwa nauli ya mkopo na baadaye akawavusha wakimbizi wenzake baharini

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimelelewa Musoma, na kwa sisi wa mkoa wa Mara neno Mennonite halihitaji utangulizi mrefu. Ni kanisa lililoanza Shirati mwaka 1934, ni hospitali, ni shule, ni Askofu Zedekia Kisare aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Kwa akili yangu ya utotoni, Wamennonite walikuwa Wazungu waliokuja kutoka Marekani wakiwa na gari, dawa na Biblia. Haikunijia hata siku moja kwamba watu wa dhehebu hilo hilo, katika nchi nyingine, waliwahi kulala kwenye mabehewa ya mizigo huku wakiomba mtoto asilie wakati askari anapita nje.

Nimeamua kuandika juu ya mwanamke mmoja wao, Elfrieda Dyck, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Elfrieda Klassen. Alizaliwa mwaka 1917 katika New Samara, makazi ya Wamennonite upande wa mashariki wa mto Volga, nchini Urusi. Alifariki mwaka 2004 akiwa Marekani. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa mkimbizi mtoto, kisha muuguzi, kisha mtu aliyekabidhiwa meli nzima ya wakimbizi. Wanaoijua habari hii huisimulia zaidi kwa jina la mumewe, Peter, na hasa kwa tukio moja la usiku mmoja mjini Berlin. Mimi naona kwamba usiku ule ni sehemu ndogo, na kwamba kazi yenyewe ilifanyika kabla yake na baada yake, kwa mikono ya wanawake. Nitajaribu kuonyesha hivyo.

Kwanza, kwa ufupi, watu hawa ni nani. Mwaka 1525 mjini Zürich kikundi kidogo cha Wakristo kilianza kubatiza watu wazima walioamini, kikikataa ubatizo wa watoto wachanga na kukataa pia kushika upanga kwa ajili ya serikali yoyote. Kwa enzi zile mambo hayo mawili yalikuwa uasi, na adhabu yake ilikuwa kuzamishwa majini au kuchomwa moto, wanaume kwa wanawake. Padre wa Uholanzi aitwaye Menno Simons aliacha kanisa lake mwaka 1536 na kujiunga nao, na jina lake ndilo walilobaki nalo. Wengi walikimbilia bonde la mto Vistula karibu na Danzig, na kuanzia mwaka 1789 wazao wao wakaitikia mwaliko wa malkia Catherine wa Urusi, aliyewaahidi ardhi na msamaha wa jeshi. Huko wakajenga vijiji vyao, wakiongea Kijerumani chao cha nyumbani kinachoitwa Plautdietsch, wakawa matajiri wa ngano, na wakakaa kando na majirani zao Waukraini na Warusi zaidi ya miaka mia moja. Nataja utajiri huo kwa makusudi, kwa kuwa ulichangia chuki iliyowafikia baadaye.

Elfrieda alizaliwa mwaka ule ule wa mapinduzi ya Urusi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika vijiji vya kusini, Ukraine ya leo, majeshi yalipokezana kuingia na kutoka, magenge ya Nestor Makhno, kiongozi wa waasi wa huko, yakaua vijiji vizima, na homa inayoenezwa na chawa ikamaliza waliosalia na risasi. Kisha mwaka 1921 na 1922 ikaja njaa. Wamennonite wa Marekani na Kanada walikuwa wameunda kamati yao ya misaada, MCC, mwezi Julai 1920, kwa ajili ya ndugu zao hao, na mwaka 1922 majiko ya umma yakaanza kugawa chakula. Peter Dyck, ambaye baadaye atamwoa Elfrieda, alikuwa mmoja wa watoto waliolishwa kwa msaada huo, katika makazi mengine ya Volga.

Nitaendelea baada ya kupata maoni ya wasomaji.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante kwa uzi uliopangika. Naomba ufafanuzi mmoja kabla hujaendelea. Kichwa cha uzi kinasema alifika Kanada kwa nauli ya mkopo. Ni nani anayemkopesha mkimbizi nauli ya meli, tena kwa dhamana gani?

Mleta uzi:

Swali lako, ndugu, ndilo mlango wa habari yote.

Kuanzia mwaka 1923 hadi 1930 Wamennonite zaidi ya 20,000 walitoka Urusi kwenda Kanada. Wengi hawakuwa na fedha, kwa kuwa mali ilikuwa imechukuliwa au kuteketea. Shirika la reli la Kanada, Canadian Pacific, ambalo pia lilikuwa na meli, lilikubali kuwasafirisha kwa mkopo. Dhamana ilikuwa saini ya askofu David Toews wa Rosthern, Saskatchewan, kwa niaba ya bodi ya kanisa, na Wamennonite wengine wa Kanada walimlaumu sana kwa kuwatia wote katika deni la watu wasiowafahamu. Kundi la kwanza liliondoka Chortitza, makazi yao huko Ukraine, mwezi Juni 1923 kwa treni ya mabehewa ya mizigo, na kwenye mpaka wa Latvia, baada ya kupita lango ambalo wasafiri waliliita Lango Jekundu, watu walianza kuimba. Hicho ni kitu kinachorudiwa katika kumbukumbu za karibu kila familia: lango, kisha wimbo.

Deni hilo la nauli lilikuwa na jina lake, Reiseschuld, na liliwaandama miaka zaidi ya ishirini. Aliyezunguka mashamba ya Kanada akikusanya deni hilo, nyumba kwa nyumba, dola kwa dola, hata wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, ni Cornelius F. Klassen, kaka yake Elfrieda aliyemzidi umri kwa miaka 23. Kwa hiyo Elfrieda, aliyevuka akiwa mtoto katika miaka hiyo ya 1920, alikulia karibu kabisa na daftari la deni.

Na nani alilipa? Hapa wasomaji wengi hushangaa. Sehemu kubwa ililipwa na wasichana. Mashamba mapya ya Kanada hayakuwa yakitoa fedha taslimu, lakini familia za mjini Winnipeg, Saskatoon na Vancouver zilihitaji mtumishi wa ndani. Binti wa miaka kumi na sita au kumi na minane alipelekwa mjini, akapiga deki na kupika kwa watu asioijua lugha yao, na mshahara akautuma kwa baba. Makanisa yalifungua nyumba maalumu ambako wasichana hao walikutana siku ya mapumziko, kwa kawaida Alhamisi jioni, wakaimba, wakaongea lugha yao, na msimamizi wa nyumba akawatafutia mwajiri mwingine ikiwa wa kwanza alikuwa mtu wa kuwashikashika. Sisi tunaofahamu habari za mabinti wanaoletwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani hatuhitaji kuelezwa sana.

Elfrieda alisomea uuguzi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Atlantiki ikiwa imejaa nyambizi, alikubali kutumwa na MCC kwenda Uingereza kuhudumia watoto na wazee waliohamishwa kutoka miji iliyopigwa mabomu. Huko akakutana na Peter, aliyekuwa ametangulia kwa kazi hiyo hiyo, wakaoana mwaka 1944. Mwaka 1945 wakavuka kwenda Uholanzi kugawa chakula na nguo.

Mchangiaji wa pili:

Naomba mleta uzi asiruke jambo moja. Tunasikia mateso ya miaka ya 1920, lakini wale wa 1945 ni watu gani tena, ikiwa 20,000 walikuwa wamekwisha kuondoka? Walibaki kwa hiari?

Mleta uzi:

Walibaki kwa kuwa mlango ulifungwa. Mwishoni mwa mwaka 1929, mashamba ya watu binafsi yalipokuwa yanachukuliwa na serikali, maelfu ya watu wenye asili ya Kijerumani, wengi wao Wamennonite, walikusanyika kwenye vitongoji vya Moscow wakiomba vibali vya kutoka. Sehemu yao waliruhusiwa, na baadhi ya hao wakaanzisha makazi ya Fernheim huko Paraguay mwaka 1930. Waliosalia walipakiwa kwenye treni na kurudishwa walikotoka, au kupelekwa kaskazini.

Kisha ikaja miaka ya 1937 na 1938. Gari jeusi lilifika kijijini usiku, na watu walilipa jina la kunguru mweusi. Mke alisikia breki, akasikia viatu, akahesabu milango. Mume alipewa dakika chache avae. Wengi hawakuonekana tena, na mke hakuambiwa kama ni mjane au la. Mwaka 1941, kabla Wajerumani hawajafika, serikali iliwahamisha kwa nguvu wanaume wengine wa Molotschna, makazi yao mengine ya Ukraine, kuelekea mashariki. Ndiyo maana msafara mkubwa wa mikokoteni ulipoanza kuelekea magharibi mwezi Septemba 1943, nyuma ya jeshi la Ujerumani lililokuwa linarudi nyuma, ulikuwa msafara wa wanawake, watoto na wazee. Wamennonite waliosogea magharibi hivyo walikuwa takribani 35,000. Baada ya vita, kwa makubaliano ya mataifa makubwa kwamba raia wa Kisovieti warudishwe kwao, takribani 23,000 walikamatwa na kurudishwa, si kwenye vijiji vyao bali Siberia na Kazakhstan. Waliookoka ni kama 12,000 tu. Elfrieda alipofika Berlin, watu aliowakuta ni sehemu ya hao 12,000.

Mchangiaji wa tatu:

Kwa heshima zote, mleta mada, kuna kitu unakipita pembeni. Umesema walikwenda nyuma ya jeshi la Ujerumani. Jeshi lile ni la Hitler. Je, watu hawa walikuwa wahanga tu, au kuna zaidi?

Mleta uzi:

Kuna zaidi, na ni haki uulize. Wamennonite wengi wa Ukraine walilipokea jeshi la Ujerumani mwaka 1941 kama mkombozi. Makanisa yalifunguliwa tena na ubatizo ukarudi, nao wakaandikishwa kuwa Wajerumani wa damu, cheo kilichowapa mgao na ulinzi ambao majirani zao hawakuwa nao, huku Wayahudi wa miji ile ile wakipigwa risasi kwa maelfu. Baadhi ya vijana wa Kimennonite, kutoka kanisa linalokataa upanga, waliingia katika polisi na vikosi vya SS, askari wa chama cha Hitler, na wapo walioshiriki mauaji. Wakimbizi walipofika Poland iliyokaliwa, wengi walipewa nyumba ambazo wenyewe Wapolandi walikuwa wamefukuzwa. Mama mkimbizi aliingia jikoni akakuta sahani za mama mwingine.

Jambo hilo liliathiri pia kazi ya akina Dyck. Shirika la kimataifa la wakimbizi halikuwasaidia watu wa damu ya Kijerumani, na Wasovieti walidai kila aliyezaliwa kwao. Kwa hiyo MCC ilijenga hoja kwamba watu hawa asili yao ni Uholanzi, kwa kuwa mababu zao walitoka huko karne ya 16. Uholanzi yenyewe iliwapokea mamia kwa hoja hiyo mwaka 1945, hadi Wasovieti walipolalamika na mpaka ukafungwa. Hoja haikuwa uongo mtupu, lakini ilikuwa nusu ya habari, na wanahistoria wa miaka ya karibuni, wengi wao Wamennonite wenyewe, wamekuwa wakali juu ya nusu iliyonyamaziwa. Mimi naona mambo mawili yanaweza kusimama pamoja: mtoto wa miaka sita aliyeko Berlin hakuwa na hatia yoyote, na mjomba wake huenda alikuwa nayo.

Mchangiaji wa kwanza:

Sasa tufikishe Berlin, mkuu. Usiku wenyewe ulikuwaje?

Mleta uzi:

Berlin mwaka 1946 ilikuwa kisiwa. Mji uligawanywa sehemu nne, lakini eneo lote linaloizunguka lilikuwa la Wasovieti. Wakimbizi walianza kujitokeza katika sehemu ya Wamarekani mmoja mmoja, kisha kwa makumi, mpaka mwisho wa mwaka walikuwa zaidi ya elfu moja, wamehifadhiwa katika nyumba kadhaa zilizoharibika nusu. Nje ya mtaa ule wangeweza kunyakuliwa wakati wowote.

Hapa ndipo naomba wasomaji watulie, maana masimulizi mengi hukimbilia treni. Kabla ya treni kuna miezi ya Elfrieda. Fikirini watu elfu moja, wengi wao watoto, katika baridi ile, na muuguzi mmoja ambaye lazima ajue ni nani anakohoa, ni nani mjamzito, ni mtoto yupi hana mtu kabisa, maziwa ya unga yamebaki makopo mangapi na yatagawiwa kwa nani kwanza. Majina yaliandikwa, yakahakikiwa, yakaandikwa tena. Katika kazi ya wakimbizi orodha ndiyo roho ya mtu: asiyeandikwa hayupo. Elfrieda, aliyekulia katika nyumba ya deni, alikuwa na subira ya madaftari.

MCC ilikuwa imekodi meli ya Kiholanzi, Volendam, kuwapeleka Paraguay. Watu 329 walipandia Uholanzi, 1,071 wakaletwa kutoka Munich hadi bandari ya Bremerhaven, na nafasi za watu wa Berlin zikabaki tupu kwa sababu Wasovieti hawakutoa kibali cha treni kupita katika eneo lao. Mwishoni mwa Januari 1947, saa ikiwa imekwisha kwa hesabu ya kila mtu, kibali kilipatikana kwa njia ya maofisa wa jenerali wa Kimarekani, Lucius Clay. Watu waliambiwa wafunge mizigo mara moja, wakaingia kwenye mabehewa ya mizigo, treni ikapita eneo la Wasovieti na kufika bandarini. Volendam iling'oa nanga tarehe 1 Februari 1947 ikiwa na abiria 2,303. Wenyewe huuita usiku ule muujiza, na mimi si mtu wa kubishana nao.

Naongeza tarehe moja tu. Lile deni la nauli la miaka ya 1920 lilimalizika kulipwa mwezi Novemba 1946. Miezi mitatu haikupita, meli nyingine ikaondoka na watu wengine, na daftari jipya likafunguliwa.

Mchangiaji wa nne:

Shikamooni wote. Mimi ni mama wa Kikongo, nimeishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi, na sasa niko Winnipeg. Familia yangu ilidhaminiwa na kanisa la Wamennonite la hapa. Siku tulipofika uwanja wa ndege walikuwepo wazee wawili, mume na mke, na makoti ya baridi mikononi, saizi za watoto wangu wote wanne, kwa sababu walikuwa wameuliza mapema. Bibi yule aliniambia kwamba mama yake alifika na sanduku moja, hivyo anajua sanduku moja lina uzito gani. Sikuelewa wakati ule. Leo, kwa kusoma uzi huu, nimeelewa. Naomba kuuliza: huko melini, yule Elfrieda alikuwa na mume wake siku zote?

Mleta uzi:

Marahaba, mama, na ahsante kwa ushuhuda wako. Kwa faida ya wengine, udhamini uliowafikisha Kanada una historia hiyo hiyo: mwezi Machi 1979 MCC ilikuwa ya kwanza kutia saini na serikali ya Kanada mkataba wa makanisa kudhamini wakimbizi moja kwa moja, wakati ule ikiwa ni kwa ajili ya watu wa Asia ya Kusini Mashariki. Baadaye utaratibu huo ukapanuka kwa wengine.

Kuhusu swali lako, hapana. Mwezi Mei 1948 iliondoka meli nyingine, Charlton Monarch, ikiwa na wakimbizi mia saba na zaidi, na kiongozi wa msafara alikuwa Elfrieda peke yake. Ilikuwa meli mbovu. Mitambo iliharibika mara kwa mara, chakula kikaharibika, nidhamu ya mabaharia ikavunjika, na mwishowe chombo kikavutwa na meli nyingine hadi bandari ya Recife, Brazil. Jaribu kujiweka mahali pake: mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mdogo wa umbo, akishuka ngazi kwenda chini ambako akina mama wamekaa na watoto wagonjwa kwenye joto la ikweta, kisha akipanda kwenda kumkabili nahodha juu ya maji ya kunywa. Hakuna aliyetengeneza hadithi ya muujiza kwa safari hiyo, kwa kuwa haikuwa na usiku mmoja wa kusimulia. Ilikuwa na wiki nyingi.

Mchangiaji wa pili:

Kwa nini Paraguay? Kanada ilikuwa na ndugu zao, Marekani pia.

Mleta uzi:

Kwa sababu Paraguay haikuchagua. Nchi nyingine zilitaka vijana wenye nguvu na mapafu safi. Paraguay, ambayo tangu mwaka 1921 ilikuwa na sheria ya kuwasamehe Wamennonite jeshi, ilikubali wazee, vilema, wajane na watoto wao wote. Kanada iliwapokea takribani 8,000 baadaye kidogo, lakini kwa ukaguzi.

Walipofika Buenos Aires mwezi Februari 1947 walikuta Paraguay inaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, wengi wakakaa kwenye mahema mjini humo wakisubiri. Hatimaye yaliundwa makazi mawili, Neuland katika nyika ya Chaco, na Volendam upande wa mashariki ya nchi, lililopewa jina la meli. Kwenda Chaco ulipanda mashua mtoni hadi Puerto Casado, ukapanda treni ndogo ya kubebea magogo hadi kituo cha mwisho, kisha mkokoteni wa ng'ombe katika vumbi na vichaka vya miiba. Chaco haikuwa tupu. Waenlhet walikuwa wakiishi hapo kabla ya mgeni yeyote, na wengi wao wakawa vibarua wa mashamba hayo mapya juu ya ardhi iliyokuwa yao.

Kijiji kimoja cha Neuland, Friedensheim, kilijulikana kama kijiji cha wanawake, kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na mwanamume mzima. Akina mama walikanyaga udongo, wakafyatua matofali mabichi, wakayaanika juani, wakaezeka kwa nyasi, wakachimba visima vilivyotoa maji ya chumvi na kuanza tena mahali pengine. Mwanamke mmoja alishika jembe, mwanawe wa miaka kumi akamwongoza ng'ombe.

Mchangiaji wa nne:

Na wale waume waliochukuliwa? Mwanamke wa kanisa anangoja mpaka lini?

Mleta uzi:

Hilo lilikuwa jambo chungu kuliko jembe. Kanisa lilikataza kuoa au kuolewa tena mwenza akiwa hai, na hakuna aliyejua yupi yuko hai. Baada ya mijadala mirefu, baadhi ya makanisa yaliruhusu ndoa baada ya miaka saba bila habari yoyote. Wengine walioana bila baraka ya mchungaji na wakatengwa. Kisha Stalin akafa mwaka 1953, na katikati ya muongo huo barua zikaanza kupita kwa njia ya Msalaba Mwekundu. Mwanamke wa Chaco alipokea karatasi yenye mwandiko anaoujua. Mume yuko Kazakhstan. Pengine ameoa mwingine, ana watoto wengine; pengine hajaoa, anangoja. Na yeye huku pengine amekwisha kuolewa, kwa ruhusa ya kanisa, na mume wa pili ndiye aliyekwenda posta kuichukua barua.

Elfrieda na Peter walirudi Amerika ya Kaskazini mwaka 1949, wakahudumia kanisa la kijijini Kansas, wakalea binti wawili, baadaye wakarudi Ulaya tena kwa kazi ya MCC. Uzeeni, mwaka 1991, walitoa kitabu cha kumbukumbu zao, na majina ya wote wawili yakaandikwa juu ya jalada. Kaka yake, yule mkusanya deni, alikuwa amefariki Ujerumani mwaka 1954 akiwa bado kazini kwa wakimbizi.

Mchangiaji wa tatu:

Nimeridhika na majibu. La mwisho kutoka kwangu ni dogo. Safari ya treni, kisha wiki tatu za meli, kisha mkokoteni: walikula nini njiani?

Mleta uzi:

Melini walilishwa, lakini kila familia ilibeba chakula chake cha akiba kwa kuwa ilikwisha jifunza. Kinaitwa zwieback. Ni mkate mdogo wa unga wa ngano, siagi na maziwa, ambao mpishi hufinyanga donge moja, kisha huweka donge dogo zaidi juu yake na kulikandamiza kwa kidole gumba lisidondoke wakati wa kuumuka. Jumamosi huoka kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Kwa ajili ya safari, mikate iliyooka hurudishwa kwenye tanuri lenye joto dogo usiku kucha mpaka ikauke kabisa, ikatiwa ndani ya foronya za mito, ikashonwa mdomo. Hukaa miezi bila kuoza. Mwaka 1923 walibeba hivyo, na mwaka 1943 kwenye mikokoteni wakabeba hivyo tena. Mwenye bahati alifika na makombo ya unga wa Ukraine chini ya foronya, na watoto wakayachovya kwenye maziwa.

Mchangiaji wa nne:

Bibi yangu wa hapa huoka mikate hiyo kila Jumamosi. Watoto wangu hula kile cha juu kwanza.